Halmashauri kumiliki kiwanda chake cha zege: hesabu zinakaaje?

Robotatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Kila bajeti ikikaribia hakosekani diwani wa kuibua hoja hii: halmashauri inunue mtambo wake wa zege, iache kuwategemea wasambazaji, na ikiwezekana iwauzie na wengine ipate mapato ya ndani. Hoja si ya kubeza. Mwaka 2021 zile fedha za UVIKO-19, trilioni 1.3, pamoja na mambo mengine zilileta madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila darasa, na kila wilaya ikawa inasaka saruji, kokoto na mafundi katika wiki zilezile. Ukinunua siku ambayo kila mtu ananunua, unanunua kwa bei ya muuzaji.

Ninachotaka hapa ni tarakimu. Mtambo wa ukubwa gani? Mteja ni nani, ikizingatiwa kwamba barabara za wilaya zilihamia TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu Julai 2017? Ubora nani ausimamie? Na pesa ya kuzungusha itoke wapi? Siasa ina majukwaa yake, tusiilete huku.

Mzee wa Jamvi

Tuanze na mita za ujazo, shilingi zitafuata.

Chukua darasa la 9 kwa 7 ndani kwa ndani. Jamvi (sakafu ya zege) la sentimita 10 ni mita za ujazo 6.3. Zege la msingi, upana sentimita 60 na unene 20, likizunguka mita 32, ni 3.84. Mkanda wa juu, 23 kwa 20 kwa mita hizohizo, ni kama 1.5. Jumla 11.6. Weka 12 pamoja na upotevu.

Tuseme halmashauri inajenga madarasa 60 kwa mwaka, ambao ni mwaka wa neema. Hayo ni mita za ujazo 720. Ongeza zahanati tatu, kila moja mita 40: jumla 840. Mtambo mdogo kabisa unaouzwa kama kiwanda, ule wa mikisa (mashine ya kuchanganyia) ya lita 500, kwenye karatasi unatoa mita 25 kwa saa. Uupunguze hadi 16 kwa sababu ya kusubiri magari na kokoto, ufanye kazi saa 6 kwa siku: karibu mita 100. Kazi ya mwaka mzima inaisha kwa siku nane na nusu.

Sasa geuza. Mfuko mmoja wa saruji kwa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) unatoa kama lita 140 za zege, yaani mizunguko saba na kitu kwa mita moja. Jamvi la darasa moja ni mizunguko 45. Mikisa ya mfuko mmoja, ile ya dizeli inayovutwa na pikapu, ikizunguka kila dakika 4, inamaliza jamvi kwa saa tatu. Mbili zikishirikiana, saa moja na nusu. Kijiji kikiwa kilometa 60 kutoka makao makuu ya wilaya kwa barabara ya vumbi, gari la zege litatumia saa mbili njiani, wakati kanuni iliyozoeleka ni kulishusha zege ndani ya dakika 90 tangu maji yakutane na saruji. Jua la saa saba mchana halitakupa hata hizo.

Chepe

Kwa hiyo siku tisa mtambo unafanya kazi, na siku 356 analipwa mlinzi wa kuuangalia. 😂

Robotatu

Mzee wa Jamvi, hesabu nimeipokea, ila umechukua wilaya ya vijijini. Jiji au manispaa je? Stendi, masoko, majengo ya ghorofa ya hospitali, mitaro. Pale umbali ni kilometa 10 na ujazo ni maelfu ya mita.

Mzee wa Jamvi

Ujazo upo, sikatai. Lakini stendi na soko la ghorofa havijengwi kwa fosi akaunti (halmashauri kujenga yenyewe kwa mafundi wake), vinakwenda kwa mkandarasi. Na mkandarasi aliyeshinda zabuni ndiye anayebeba dhamana ya ubora, kwa hiyo ndiye anayechagua zege atalitoa wapi. Ukimlazimisha achukue kwako halafu kyubu (vipande vya zege vya kupimia nguvu) zikafeli, umejifunga mwenyewe: atasema zege ni la mwajiri. Muda ulioongezeka atakudai, na gharama ya kubomoa nguzo atakudai. Kingine, penye ujazo huo mara nyingi tayari pana mtambo wa mtu binafsi, na ule tayari una wateja wake.

Magurudumu Kumi

Niongeze la magari, maana huwa linasahaulika mpaka mizani iwashe taa nyekundu.

Mita moja ya zege ina uzito wa tani 2.4. Kwa sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya 2016, ekseli ya usukani ni tani 8 na ekseli mbili za nyuma zilizokaa pamoja ni tani 18. Gari la ekseli tatu linaishia tani 26. Gari tupu lenye pipa lake la kuzungushia zege lina kama tani 12. Zinabaki 14, gawa kwa 2.4 unapata mita 5.8. Yaani pipa limeandikwa "mita 8" ubavuni, wewe kisheria unabeba chini ya 6. Anayepiga hesabu ya dizeli kwa mita 8 kwa safari ameshajidanganya kwa zaidi ya robo.

Halafu pipa haliwezi kulala na zege. Gari likiharibikia njiani mchana, una saa chache za kuingiza maji mengi na kumwaga mzigo porini, la sivyo kesho yake watu wanaingia ndani ya pipa na nyundo za umeme. Hiyo kazi ni ya hatari na ni ya siku kadhaa.

Kabro Bora

Wadau wa Bongo, salamu kutoka Kenya.

Huku kaunti zilipoanza 2013 barabara za kaunti ziliwekwa chini yao na Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo wazo la kaunti kujitengenezea vifaa si geni. Nairobi ina kiwanda chake cha lami. Lakini angalia tofauti: lami ni ya kuziba mashimo, na mashimo hayaishi. Kila wiki kuna oda, hata kama hakuna mradi mpya.

Shida yetu kubwa ni pesa kuzunguka. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka pesa zote za kaunti ziingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria ya Bunge. Ukiuza kabro (matofali ya kutandika chini, mnayoita pevingi) za leo, ile pesa haikai kwako ukanunulie simiti ya kesho. Inaenda kwenye mfuko mkuu, wewe unasubiri bajeti. Kiwanda kinasimama na oda ziko mezani.

Baridi ya Queens

Kabro Bora amegusa penyewe. Idara ya usafiri ya jiji la New York inamiliki viwanda viwili vya lami, kimoja Hamilton Avenue kule Brooklyn na kingine Harper Street kule Queens. Hicho cha pili jiji lilikinunua mwaka 2010. Sababu inayofanya vilipe haina uzalendo wowote ndani yake: jiji linakwangua na kutandika lami upya msimu mzima, na lami kuukuu iliyokwanguliwa inarudi kiwandani kuchanganywa na mpya. Zege huwezi kulifanya hivyo. Likishaganda, utalisaga liwe kifusi tu. Na hata kwa viwanda viwili, jiji bado linanunua lami nyingine kwa watu binafsi.

Robotatu

Sawa. Basi niulize tofauti: ni kitu gani cha zege ambacho wilaya inakihitaji kila wiki, kinachoweza kukaa stoo, na kinachobebeka kwenye lori la kawaida?

Moldi na Mtetemo

Hapo ndipo uzi unaanza, kiongozi. Kalvati, pevingi, mawe ya pembeni ya barabara, vifuniko vya mitaro. Zege bichi lina umri wa dakika 90. Kalvati inaweza kukaa uwanjani miaka mitatu na ikazidi kuwa imara.

Tuchukue kalvati yenye tundu la milimita 600, urefu mita 1, ukuta milimita 75. Ujazo wake ni mita 0.159, uzito kama kilo 380. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 inakula mfuko mmoja na robo kasoro kidogo. Kivuko kimoja cha barabara ya kijijini ni kalvati 7 au 8, yaani zege mita 1.1 hadi 1.3. Ile ya 900 yenye ukuta wa milimita 100 ina mita 0.314 na uzito wa kilo 750, na ndani yake weka wavu wa nondo kama mchoro unavyotaka. Usiseme "tumezoea bila nondo", maana ya 900 ikikaliwa na lori la mchanga wakati kifusi cha juu ni kidogo hupasuka juu, chini na ubavuni kwa mara moja.

Uwanja wenyewe:

Sakafu tambarare ya zege kwanza, hata mita 15 kwa 20. Watu wanaipuuza kwa kuona ni gharama. Moldi ikikaa kwenye udongo usio sawa, kalvati inatoka imepinda mdomo, na mdomo uliopinda hauungani na mwenzake. Maji yanapita kwenye maungio, yanakula udongo wa pembeni, mwaka wa pili barabara inatumbukia. Watu watasema kalvati ni mbovu, kumbe sakafu ya uwanja ndiyo iliyokuwa mbovu.

Moldi za chuma, seti kumi za 600 na tano za 900. Seti kumi maana yake kalvati kumi kwa siku, kwa sababu moldi inafunguliwa kesho yake. Ukiona fundi anafungua baada ya saa sita ili apige mkupuo wa pili, mzuie. Kwa macho itaonekana nzima, lakini tayari ina nyufa za nywele.

Paka moldi mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Oili chafu ya injini inatia doa na inalainisha ngozi ya zege. Kwa kalvati ya kufukiwa wengi hawajali, kwa pevingi itakuumbua mchana kweupe.

Kwenye maungio ya moldi funga vizuri. Uji wa saruji ukivuja, unabaki na kokoto tupu pale kwenye mshono, matundu kama sega la nyuki. Kuziba kwa plasta baadaye ni kumpaka mgonjwa poda.

Vaibreta ya sindano: izamishe wima, sekunde 10 hadi 15, itoe polepole, hamia sentimita 40 mbele. Anayeitumia kusukuma zege kama chepe anatenganisha kokoto na uji.

Pevingi: ya milimita 60 kwa waenda kwa miguu na gari dogo, 80 kwa stendi na maegesho ya malori. Ile ya 200 kwa 100 zinaingia 50 kwa mita ya mraba. Moldi za plastiki na meza ya mtetemo zinatosha kuanzia, ila plastiki ikichoka inabinuka, na kimo cha tofali kinaanza kutofautiana milimita 3 au 4. Ukizitandika unapata sakafu ya kujikwaa.

Unyevu siku 7 mfululizo. Kumwagilia asubuhi na jioni Dodoma hakutoshi, saa nane mchana zimeshakuwa nyeupe. Funika magunia yaliyolowa halafu nailoni juu, au chimba bwawa la kuzizamisha. Bwawa linalipa kuliko mtu wa kumwagilia kwa mpira.

Kubeba: ya 600 watu wanaiviringisha, ya 900 usithubutu. Miguu mitatu ya bomba na winchi ya mnyororo ya tani 2. Na kamwe usinyanyue kwa waya uliopita ndani na kukaba mdomo, unavunja mdomo. Tumia mkanda mpana. Lori la tani 8 linabeba kumi za 900, umemaliza.

Chepe

Hii nimeikubali. Swali la kizushi: si tayari kuna vikundi vya vijana na akina mama wanafyatua pevingi kwa mikopo ile ya asilimia 10? Halmashauri itawakopesha kwa mkono mmoja halafu iwaue soko kwa mkono wa pili?

Moldi na Mtetemo

Swali si la kizushi. Asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, hizo ndizo zinazonunua zile mashine. Ndiyo maana mimi ningewaachia pevingi wao kabisa, halmashauri ibaki na kalvati ambazo kikundi hakiwezi kununulia moldi wala winchi. Kile ambacho halmashauri ingewasaidia ni sakafu, bwawa la kumwagilia na upimaji. Kikundi kinakosa tenda kwa kukosa cheti cha majaribio. Kufyatua kinajua.

Maabara Kwanza

Mmeongea mitambo na moldi, lakini zege linaharibikia kwenye mchanga na maji. Niwape vitu ambavyo mtunza stoo mwenye kopo na chupa anaweza kuvifanya.

Tope. Chupa ya kioo iliyonyooka, weka mchanga kimo cha sentimita 5, maji yenye chumvi kidogo hadi juu, tikisa kwa nguvu, weka mezani saa tatu. Tope litatua juu ya mchanga kama tabaka la rangi nyingine. Likizidi milimita 4, hiyo tripu irudi au ioshwe. Fanya hivyo lori likiwa bado halijashusha. Mchanga ukishalala chini, dereva ameshaondoka na saini yako.

Kuvimba. Mchanga mbichi unachukua nafasi kubwa kuliko mkavu au uliojaa maji kabisa. Jaza kopo mchanga mbichi bila kushindilia, pima kina, tuseme sentimita 20. Umwage pembeni, jaza kopo maji nusu, rudisha mchanga ukikoroga. Ukitua kwenye sentimita 16, ulikuwa umevimba 4 kwa 16, yaani asilimia 25. Sasa fikiria boksi lako la kupimia. Boksi la mfuko mmoja ni lita 35, nalo ni sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Kwa 1:1.5:3 unatakiwa boksi moja na nusu za mchanga, lakini kwa mchanga huu inabidi uweke karibu 1.9. Ukibaki na 1.5, mchanga unapungua, kokoto zinakosa wa kuzijaza, na matundu yanarudi hata kama moldi imefungwa vizuri. Ukipima kwa karai au toroli, huna hata pa kuanzia kusahihisha.

Maji. Mfuko mmoja kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 unataka lita 25. Lakini mchanga huo wa boksi moja na nusu una uzito wa kilo 84 hivi, na ukiwa na unyevu wa asilimia 5 tayari umebeba lita 4. Kwa hiyo kwenye ndoo weka 21. Saidia fundi hapendi zege zito kwa sababu linamchosha mkono, ataongeza ndoo mkigeuka. Dawa ni ndoo yenye mstari wa rangi, na mtu mmoja tu wa kugusa maji.

Slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) kila asubuhi na kila mchanga ukibadilika: koni ya milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka michomo 25. Kwa kalvati za kutetemeshwa usitafute zege la uji.

Pwani ongezeni la chumvi. Mchanga uliochotwa karibu na bahari ukiwekwa kwenye kalvati yenye nondo unaanza kula nondo kimyakimya, na kutu ikivimba inasukuma zege nje. Huko tumieni mchanga wa mto.

Saruji ya mifuko, juu ya mbao, mbali na ukuta, iliyoingia kwanza itoke kwanza. Miezi mitatu stoo inapoteza kama moja ya tano ya nguvu. Ukikuta mabonge yasiyosagika kwa vidole, mfuko huo ni wa kusakafia njia ya bata.

Magurudumu Kumi

Hapo kwenye saruji nirudi kidogo kwa wanaotamani silo (tangi la kuhifadhia saruji isiyo kwenye mifuko). Silo ya tani 50 ni mifuko 1,000. Kwa zile mita 840 za Mzee wa Jamvi, kilo 350 kila mita, unatumia tani 294 kwa mwaka. Bauza (lori la tangi la kubebea saruji hiyo) moja la tani 30 litakukalia wiki tano. Ikipata unyevu humo ndani, inagandia kwenye koo la silo na watu wanaanza kuipiga kwa nyundo kutoka nje. Bauza linafaa kwa mtambo ulio jirani na viwanda vya saruji vya Wazo au Tanga unaomwaga kila siku. Kwa uwanja wa kalvati, mifuko inatosha.

Vocha

Salaam. Upande wa vitabu, kwa kifupi ila msinipuuze.

Kwanza, pesa ya mauzo. Inaingia kwa kontroo namba, na kuitoa kununua saruji lazima iwe kwenye bajeti ya mwaka, yenye kifungu chake. Uwanja ukiwekewa bajeti ya saruji mifuko 1,000 na oda zikafika za mifuko 1,800, unasimama Februari ukisubiri mapitio ya bajeti. Kwa hiyo bajeti ya matumizi ipangwe kwa uwezo wa moldi: kalvati kumi kwa siku, siku 200 kwa mwaka, ni 2,000, mara mfuko 1.16. Usipange kwa oda za mwaka jana.

Pili, bei ya ndani. Mishahara ya watumishi inalipwa na hazina, uwanja ni wa halmashauri, umeme unalipwa na jengo kuu. Mtu anajumlisha saruji, mchanga na kokoto, anasema "kalvati yetu ni nusu bei". Si nusu bei, umeficha nusu ya gharama. Weka mshahara, uchakavu wa moldi, dizeli ya mikisa, kyubu na zilizovunjika ndipo ulinganishe. Ikitoka sawa na ya sokoni, bado unaweza kuendelea kwa sababu ya ubora, lakini ujue unachofanya.

Tatu, mteja. Kalvati zinatumika barabarani, na barabara ni za TARURA. Wao wana taratibu zao za ununuzi kwenye NeST (mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni), hawalazimiki kuchukua kwako kwa sababu mko wilaya moja. Pata kwanza makubaliano ya maandishi ya idadi na vipimo, ndipo ununue moldi. Anayeanza na moldi anaishia na uwanja wa kalvati za 450 wakati michoro yote inataka 600 na 900.

Nne, na hii ndiyo mkaguzi ataanza nayo. Kalvati 100 za 600 zinatakiwa kula mifuko 116. Ongeza asilimia 3 ya kumwagika, ni 119 au 120. Leja ya stoo ikisoma 140, mifuko 20 imekwenda kujenga kwa mtu. Ikisoma 95, hakuna aliyeiba mfuko, lakini kalvati zote 100 ni dhaifu. Watu hushangilia hiyo ya pili wakidhani ni kubana matumizi.

Robotatu

Vocha, hilo la 95 limenikaa. Kwa hiyo picha ninayoiona: mtambo mkubwa hapana. Uwanja wa kalvati ndiyo, wenye makubaliano na TARURA mkononi. Mikisa mbili au tatu za kuvutwa kwa ajili ya miradi ya vijijini, zikiambatana na maboksi ya kupimia na mtu wa slampu. Pevingi kwa vikundi. Kama nimekosea mnisahihishe.

Limebaki moja: kyubu. Nani azitengeneze na zipelekwe wapi?

Maabara Kwanza

Hujakosea, ila kwenye zile mikisa ongeza vipuri vya winchi na mkanda, vinakatika kuliko injini.

Kyubu: moldi za milimita 150, jaza tabaka tatu, kila tabaka michomo 35 kwa chuma chake. Tengeneza tatu kwa kila siku ya kumwaga: moja ivunjwe siku ya 7, mbili siku ya 28. Zege la C25 linatakiwa kufikia nyutoni 25 kwa milimita ya mraba siku ya 28, na kyubu moja ikibeba kilonyutoni 562 na nusu imefika. Siku ya 7 tegemea kama theluthi mbili, yaani 16 au 17. Ikija 10, usisubiri ya 28. Simamisha uzalishaji, tenga kalvati za tarehe hiyo, kagua mchanga na ndoo ya maji.

Udanganyifu uliozoeleka ni kyubu "za ofisini": fundi anachanganya karai moja pembeni yenye saruji nyingi kwa ajili ya maabara tu. Kwa hiyo zege lichotwe kwenye toroli linaloelekea kwenye moldi, toroli achague msimamizi, na tarehe na namba viandikwe kyubu ikiwa bado mbichi. Kesho yake zitolewe, zitiwe kwenye tanki la maji, na funguo za tanki zisikae kwa fundi.

Za kuvunja peleka maabara ya TANROADS mkoani au chuo chenye mashine iliyohakikiwa, zikiwa zimefungwa magunia yaliyolowa. Zikifika kavu na zimegongana kona, majibu yatakuwa ya safari. Hayatakuwa ya zege.

Chepe

Ile nyundo ya kugongesha zege na kusoma namba je? Naona wengi wanatembea nayo.

Maabara Kwanza

Hiyo inapima ugumu wa ngozi. Inakusaidia kujua kalvati ipi haifanani na wenzake, ili uichunguze zaidi. Nguvu yenyewe unaipata kwa kuvunja.

La mwisho kwenye kyubu, kwa atakayepanga ratiba: 7 na 28 zote zinagawanyika kwa wiki. Kyubu iliyotengenezwa Jumamosi itatakiwa kuvunjwa Jumamosi, na ya 28 vilevile. Kama maabara unayoitegemea haifungui wikiendi, mwaga zege Jumatatu hadi Ijumaa tu, na Jumamosi ibaki ya kufungua moldi, kuosha mikisa na kuhesabu mifuko.